Mtu wa Chini ya Kitanda

"Muntu yako iko wapi?"

Hawa aligeuka kutazama nyuma, kana kwamba huenda mtu alimfuata njiani bila yeye kujua. Nyuma palikuwa na baraza, ngazi zilizobomoka, na mbuzi aliyekuwa akitafuna ganda la ndizi.

"Nimekuya peke," alisema.

Fabien, muuguzi wa zamu, hakuinua macho. Vidole vyake bado vilikuwa juu ya kitovu cha Hawa, vikiusukuma taratibu ule uvimbe laini, mkubwa kama yai la bata, mpaka ukazama ndani na kupotea. Akapangusa mkono kwenye koti lake ambalo zamani lilikuwa jeupe.

"Hii ni ngiri, mama. Leo imerudi. Kesho itarudi. Lakini siku moja itakataa kurudi, matumbo itafungika mule, na hautakawia kufa. Inaomba kupasuliwa."

"Basi munipasue."

"Munganga anapasua kila siku ya ine. Hiyo haina shida. Mi nakuuliza garde-malade yako."

Hakuna mtu wa Baraka wala wa Fizi ambaye hakujua maana ya neno hilo. Mgonjwa haendi hospitali ya serikali peke yake, kama vile maiti haiendi makaburini peke yake. Sharti awe na garde-malade, mtu wa kwao wa kumlinda: wa kumpikia, wa kumfulia, wa kuteremka mtoni kuchota maji ya chumba cha upasuaji, wa kutafuta makaa ya kuchemshia vyuma vya daktari, na usiku wa kujilaza sakafuni chini ya kitanda ili mgonjwa akizidiwa awepo wa kukimbia kumwita muuguzi. Serikali ilikuwa imetoa kuta na vitanda. Mengine yote yalitoka kwenye ukoo. Kanuni hiyo haikuandikwa mahali popote, ndiyo maana hakuna aliyeweza kuifuta.

"Batu bangu bote balivuka," alisema Hawa. "Biko Kigoma."

"Jirani?"

"Balivuka."

"Bamama ba musikiti?"

"Balibaki bazee banaume tu. Muzee mwanaume atanisafisha namna gani?"

Fabien aliguna. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa umechakaa kama koti lake. "Sitaki kukudanganya, mama. Usiku tuko muenfirmie moja kwa bagonjwa bote. Tukikupasua bila muntu, utaamuka na kiu, utajikokota kutafuta maji, nyuzi itakatika, utakufa. Na batasema ni Fabien aliua. Rudia ukiwa na muntu."

Alisema hivyo na kumwita mwingine.

Hospitali ile ilikuwa juu ya kilima, nje ya Baraka, kando ya barabara ya kwenda Fizi. Kampuni ya pamba ndiyo iliyoijenga enzi za Wabelgiji, serikali ikairithi, na tangu hapo watu waliiita "kwa serikali," hata sasa, mwaka wa pili wa vita vya pili, ambapo serikali yenyewe hakuna aliyejua iko upande gani. Kutoka barazani ziwa lilionekana lote, bluu na tupu. Wanajeshi walikuwa wamelifunga. Mtumbwi uliovuka bila karatasi yao ulipigwa risasi.

Hawa alikaa kwenye ngazi akalitazama. Ng'ambo ile, katika mojawapo ya kambi za wakimbizi, walikuwako mwanawe Nasoro, binti yake Salma, na wajukuu ambao sasa huenda walikwisha kumsahau sura. Vita vya kwanza vilipofika, boti ilikuwa imejaa hadi watoto wakabebwa mabegani mwa watu, naye akasema mwenyewe, kwa kinywa chake: nendeni, mimi nitabaki niangalie nyumba, nitawafuata. Tangu siku ile alikuwa akiangalia nyumba. Mabati yaliibwa, mlango ukageuzwa kuni na wanajeshi, naye akaendelea kuangalia. Alianika ndakala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, akauza, akala, akalala. Siku nyingine jua lilikuchwa akagundua kuwa tangu asubuhi hajasema neno lolote zaidi ya bei ya samaki.

Hakurudi Baraka siku ile. Arudi kumtafuta nani? Alikwenda kwenye banda la kupikia lililokuwa nyuma ya wodi, ambako walinzi wa wagonjwa walikoka mioto yao, akatafuta pembe akaketi.

Pembe ilikuwa na mwenyewe. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, tumbo limemtoka kama mja mzito wa miezi tisa, alikuwa ameegemea nguzo akikwangua sufuria ya mtu mwingine kwa kidole. Alipoona Hawa anamtazama, aliacha.

"Bananirudishia sufuria niisafishe," alisema kwa haya. "Njo nalipwa hivi."

Jina lake lilikuwa Arlette, mtu wa Kilembwe. Tumboni hamkuwa na mtoto. Mlikuwa na uvimbe ulioanza kama limau, na sasa ulimzuia hata kuvuta pumzi. Mumewe aliuawa njiani pamoja na kaka zake Arlette, siku walipokuwa wakikimbilia msituni. Ameteremka milima peke yake mpaka hospitalini, na hospitalini ameulizwa swali lile lile.

"We pia?" aliuliza Hawa.

"Mi pia. Niko hapa tangu mvua ianze."

Mbele yao mioto ilikuwa inawaka, kila moto na watu wake, na kila sufuria na mwenyewe. Ndipo lile wazo likamjia Hawa, jepesi kabisa, hata akaona aibu kwamba halikumjia mtu yeyote kabla yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini viwili?

"Mudogo wangu," alisema, "mi nahitaji muntu moja. We unahitaji muntu moja. Tuko babili hapa."

Arlette alimtazama asielewe.

"Tuseme tuko bandugu. Mi nakulinda, unapona. Ukipona, we unanilinda mi."

"Weye ni muislamu, mama. Mi ni wa ku Methodiste."

"Baba moja, bamama babili. Ku Baraka nani atashangaa?"

Arlette alicheka. Kicheko kilimuuma, akashika tumbo, lakini aliendelea kucheka, na Hawa naye akacheka, jambo ambalo hakulikumbuka mara ya mwisho lilikuwa lini. Kisha likaja swali la nani atangulie, nalo halikuchukua muda. Hawa alikuwa mwenyeji, ziwa lile ni la kwao. Arlette ametoka Kilembwe, mgeni. Mgeni hupewa kiti kabla ya mwenye nyumba. "Banasema mgeni njoo, mwenyeji apone," Hawa alisema. "Tangulia. Mi yangu bado inarudi."

Fabien alipowaona wamesimama pamoja mbele yake, mmoja na ushungi na mwingine na msalaba wa mti shingoni, alikuna kidevu.

"Bandugu?"

"Baba moja," alisema Hawa.

"Mambo ya baba yenu haiko kazi yangu. Mi nataka mikono ya kuteka maji." Akaandika.

Alhamisi ile Arlette alipasuliwa. Daktari Raphaël, bwana mrefu mwenye miwani na mwendo wa haraka, alifanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Raphaël hakujua kazi. Uvimbe ulitolewa ukiwa mzito kama boga, Arlette akarudishwa wodini akiwa bapa na mweupe midomo, na Hawa akatandika mkeka wake chini ya kitanda.

Kazi ilikuwa nyingi. Mto ulikuwa bondeni na njia ilikuwa ya mawe. Kila alipopandisha ndoo, Hawa alihisi kitu kikimtoka kitovuni, akasimama, akatua ndoo, akakisukuma ndani kwa kiganja, akakaza kitenge, akaendelea. Alipika uji, akafua vitambaa vya damu, akampepea Arlette inzi, akamgeuza ubavu. Usiku alilala sakafuni akisikiliza pumzi za mwenzake juu yake. Mara nyingine Arlette aliteremsha mkono gizani, akaita polepole, "Yaya, uko?" kama aitwavyo dada mkubwa, naye akajibu, "Niko." Basi. Hapakuwa na shida yoyote. Alitaka kujua tu.

Hawa alifurahi. Ni vibaya kusema mtu alifurahi katika wodi ile iliyonuka usaha na mikojo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alifurahi mpaka akaogopa.

Bandani mchana watu walibishana. Vita vikizuia mengine yote, ubishi hauzuiliki.

"Hopitali ni ya raia," alisema Anatole, mwalimu aliyekuwa akimlinda mkewe. "Mi nimefundisha batoto ba inchi hii, nimekatwa kodi. Dawa inapaswa kuwa ya bule. Serikali ilete dawa, ilipe baenfirmie, maneno imeisha."

"Serikali gani, mwalimu?" aliuliza Roger, mchuuzi wa sabuni, ambaye kaka yake alikuwa wodini. "Ile ya Kinshasa ao ile ya hawa ba bunduki? Kitu ya serikali haina mwenyewe. Mi heri kwa muprive. Unalipa, unachomwa sindano, unarudia kwako."

"Na mwenye hana?"

"Mwenye hana atakufa. Hapa hafi?"

Immaculée, mama mnene aliyekuwa akimlinda mkwe wake, alikoroga ugali akicheka. "Munabishana bule. Munganga ni ule ule Raphaël. Asubui iko wa serikali, mangaribi iko wa kiliniki yake kule Baraka. Mukono ni ule ule. Dawa tu njo inahama."

Watu walicheka, hata mwalimu. Hawa alikuwa akipuliza moto wake. Aliwasikia, na aliona kila mmoja ana haki, lakini kwake yeye ule ulikuwa ubishi wa watu wenye watu. Mwenye ndugu ndiye wa kuchagua mlango. Yeye mlango wake ulikuwa umelala kitandani, ukipona polepole, na akiwaza hivyo alichochea moto kwa bidii zaidi.

Haukupona. Baada ya wiki kidonda kilianza kuvimba na kutoa harufu, na mwili wa Arlette ukawa moto. Fabien alikibonyeza, akasafisha kwa maji ya chumvi, akasimama akitazama nje ya dirisha.

"Dawa ya hii iko?" aliuliza Hawa.

"Iko."

"Iko wapi?"

"Haiko hapa," alisema Fabien. Hakueleza zaidi, naye Hawa hakuwa mtoto.

Jioni Arlette alikuwa akiweweseka. Kati ya maneno yake alitaja jina: Darius. Alipopata nafuu kidogo alieleza kwamba Darius ni mdogo wa marehemu mumewe, mfanyabiashara wa Baraka mwenye boti. Hakumtafuta kwa sababu alisikia yuko Kigoma, na kwa sababu wakati wa ndoa walikosana. "Pengine amerudia," alisema. "Pengine hapana."

Garde-malade ndiye miguu ya mgonjwa. Ingekuwa mtu mwingine, huenda angefikiri mara mbili: huyu shemeji akija, mimi nitakuwa nani? Hawa hakufikiri. Asubuhi alimwachia Immaculée uji, akakaza kitenge, akateremka mpaka Baraka, akawa anauliza ufukweni kuanzia penye boti ya kwanza. Darius alikuwepo. Alikuwa akisimamia wapagazi wakishusha unga, mwanamume wa miaka arobaini mwenye saa ya mkononi na kofia ya kitambaa.

"Arlette?" alisema. "Banatuambia bote ba Kilembwe balikufa."

"Yee iko nzima. Iko mugonjwa. Mi njo garde-malade yake."

Darius alimtazama mama yule mwenye vumbi mpaka magotini, akavua kofia. Kwa hakika alikuwa mtu mwenye utu. Kabla ya adhuhuri alikwisha kupata machela na wanaume wa kubeba, na jua halijaelekea milimani Arlette alikuwa njiani kuteremshwa mjini. Hawa alifuata nyuma na sufuria, beseni na mkeka uliokunjwa. Wabebaji walikwenda haraka. Yeye alisimama mara kwa mara kurudisha kitu mahali pake, kisha akakimbia kidogo kuwafikia.

Kiliniki ya daktari Raphaël ilikuwa nyumba ya matofali yenye rangi mpya, na mwanamke aliyefunga kitambaa safi kichwani alikuwa akideki baraza. Palinuka dawa. Kupitia dirishani Hawa aliviona vitanda, akavijua. Rangi ilikuwa imepakwa upya, lakini miguu yake ilikuwa ileile ya chuma iliyopinda kama viwiko, kama ya vile vilivyobaki kilimani. Kwa siku zote alizolala chini ya kitanda, kama kuna kitu alichokijua ni miguu ya vitanda vile.

Arlette aliingizwa. Hawa alipotaka kufuata, mwanamke wa kudeki aliweka ufagio mlangoni.

"Hapa garde-malade haingie, mama. Hapa mi njo nafanya yote."

Darius alikuwa akizungumza na daktari barazani. "Huyu mama ni nani kabisa?" aliuliza.

"Ndugu yake," alisema daktari. "Wa baba moja."

"Arlette haina ndugu. Mi nilikula ndoa yao, najua ukoo yote. Balikufa bote."

Wote wawili wakamgeukia. Hawa alisimama uani na sufuria yake, na ilibidi aseme. Alieleza yote: bandani, mapatano, mgeni na mwenyeji. Alipokuwa akisema, aliona jinsi lilivyo jambo dogo, la wanawake wawili wenye njaa. Darius alisikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya vizuri sana, mama," alisema. "Mungu akulipe." Akamwita mtu, akaleta pakiti ya chumvi. Chumvi ilikuwa adimu mwaka ule. Haikuwa zawadi ya kudharau. "Akipata nguvu tu ninamuvusha Kigoma, hapa si mahali. Basoda balinipa karatasi ya mugonjwa na mulinzi wake."

"Batoto bangu biko Kigoma," alisema Hawa. "Nasoro na Salma. Mi njo mulinzi wake, baba. Mi najua kidonda yake namna iko."

"Mulinzi wake ni bibi yangu," alisema Darius kwa upole. "Jina yake imekwisha kuandikwa."

Alivaa kofia akaondoka.

Daktari alibaki akisafisha miwani kwa pindo la koti. Hawa hakuwa na desturi ya kuzungumza na wakubwa, lakini siku ile hakuwa na la kupoteza.

"Munganga, mi niko na ngiri. Fabien anaijua. Unipasue."

"Hapa?"

"Hapa hamuombe muntu."

"Hapa hatuombe muntu, ni kweli. Tunaomba malipo. Uko na nini, mama?"

Hawa alitazama mikono yake. Sufuria, beseni, mkeka, chumvi.

"Na kule juu?"

"Kule nitakupasua bule kabisa. Leta garde-malade tu."

"Ile dawa ya Arlette," alisema Hawa, "ingekuwa kule juu, hangetoka kule. Angepona, angenilinda."

Daktari hakukasirika. Alivaa miwani, akamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. "Unafikiri niliiba? Serikali haijanilipa tangu mbele ya vita ya kwanza. Dawa njo nainunua mi mwenyewe, naivusha na boti ya batu kama Darius. Nikiiweka kule, itaisha kwa siku moja, na kesho hatuko na dawa hata hapa. Vitanda nilivileta kabla basoda babichome kuni. Hii nyumba njo inalisha Fabien. Njo inanunua mafuta ya taa ya kule juu. Ungekuwa mi, ungefanya nini?"

Lililomuuma Hawa zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa akisema kweli na kweli yake haikuwa na nafasi ya kumweka yeye.

"Nitakuambia kitu," aliendelea daktari. "Nimeona namna ulilinda ule mugonjwa. Huyu mama wangu wa kazi anataka kuvuka pia. Ningekutwaa weye, ulale hapa, ukule hapa. Lakini muntu wa ngiri kubeba maji? Atanifia mukononi. Pasuliwa kwanza kule juu, kisha ukuye, kazi iko."

Alisema kwa nia njema. Hawa alimshukuru, maana alilelewa vizuri, akatoka.

Boti ya Darius ilivuka Jumatano asubuhi, karatasi yake ikikaguliwa mara mbili na wanajeshi. Hawa alisimama ufukweni kati ya watu. Alikuwa amemwomba mke wa Darius, kwa kumshika mkono, amtafute Nasoro na kumwambia mama yako yu hai. Yule mke alisema ndiyo, ndiyo, huku akihesabu mizigo. Arlette alikuwa amelazwa juu ya magunia, amefunikwa kitenge kipya. Aliinua kichwa akautazama ufuko wote, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Hawa alipunga. Walikuwa wengi waliokuwa wakipunga. Injini ikawaka.

Kesho yake, Alhamisi, alipanda kilimani. Wiki ile risasi zilisikika upande wa Fizi, na kila aliyekuwa na nguvu ya kumbeba mgonjwa wake alikwisha kumbeba. Banda la kupikia lilikuwa na moto mmoja. Immaculée hakuwepo, mwalimu hakuwepo. Hawa aliweka mkeka, akachukua ndoo mbili zilizokuwa ukutani, akateremka mtoni, kwa sababu kanuni anaijua: maji kwanza.

Alipokuwa akipandisha, katikati ya kilima, ngiri ilitoka. Alitua ndoo akaisukuma. Haikurudi. Alilala chali juu ya mawe, akakunja magoti kama Fabien alivyomfundisha, akasukuma tena kwa viganja vyote viwili, taratibu, akiomba. Ilikuwa imekuwa ngumu kama jiwe, na maumivu yalipanda mpaka mgongoni. Alitapika. Hakuna aliyepita. Alipoweza kusimama aliangalia ndoo. Kidogo tu kilikuwa kimemwagika. Akazipandisha moja moja, akiiacha hii hapa, akirudi kuichukua ile.

Fabien alikuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Hawa wa Baraka," aliita, ingawa alimwona amesimama mbele yake. "Garde-malade yake?"

"Ni mi."

"Na mugonjwa?"

"Ni mi vilevile. Maji hii hapa. Makaa nitatafuta."

"Mama," alisema Fabien kwa sauti ya chini, "usinifanyie hivi." Akaona kitenge kilivyoinuka kitovuni, akagusa, akaondoa mkono upesi. Akaingia ndani. Hawa alisikia sauti yake ikieleza, halafu sauti ya daktari, iliyochoka: "Na usiku nani atamulala chini? Weye?"

Fabien alipotoka hakumtazama Hawa machoni. "Munganga anasema tafuta muntu, hata wa leo tu. Kuna soda moja alipigwa risasi, tunatangulia naye, benzake biko naye. Tukimaliza tutaona." Akainama, akatazama ndani ya ndoo. "Maji hii ni safi?"

"Ni safi. Nilitekea juu ya daraja."

"Aksanti," alisema, akaziingiza zote mbili, akafunga mlango.

Wodini kitanda cha Arlette kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka la viraka. Hawa alikifikia kwa kushika ukuta. Hakupanda. Kitanda ni cha aliyepokelewa, na yeye hakuwa amepokelewa. Alipiga magoti, akajisogeza chini yake mahali alipopazoea, sakafuni, akakunja miguu na kuikumbatia ngiri yake kwa mikono yote miwili. Kupitia ukutani alisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, na mtu akinawa, taratibu, kwa muda mrefu.

"Niko," alisema, bila kuulizwa.

Juu yake vyuma vya kitanda vilikuwa vimenyooka, havikubonyezwa na uzito wa mtu.